Mji wa Mlingoti: Flagstaff na Wapita Njia Wake

Miji mingi ya magharibi ya Marekani ilipewa na Wahispania majina ya watakatifu, au ilipewa na warithi wao majina ya majemadari na wenye reli. Flagstaff, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Arizona, ulipewa jina la mti. Habari isimuliwayo zaidi ni kwamba tarehe 4 Julai, 1876, siku Marekani ilipotimiza miaka mia moja ya uhuru wake, kundi la watu waliotoka Boston kutafuta makao lilipiga kambi karibu na chemchemi chini ya mlima. Wakachagua msonobari mmoja mrefu, wakaupogoa matawi yote, wakapandisha bendera juu yake. Kisha wakaenda zao, kwa kuwa nchi haikuwapendeza. Mti ulibaki umesimama uchi, na wasafiri waliofuata wakaufanya alama ya mahali penye maji. Mlingoti wa bendera kwa Kiingereza huitwa *flagstaff*, na hilo ndilo jina lililodumu.

Sidhani kama mji huu ungeweza kupata jina lililo kweli kuliko hilo. Tangu siku ile desturi yake imekuwa moja: mtu hufika, huchukua apendacho, huacha alama, huondoka. Wanahistoria wameandika sana juu ya wenye viwanda na wenye mifugo wa Flagstaff. Mimi nataka kuutazama kwa upande wa mpita njia, yaani mgeni aliyekuja kupanda mlima, kutazama magofu, kuhesabu nyota au kucheza juu ya theluji. Kwa sababu yeye amekuwa riziki ya mji huo, na yeye pia amekuwa ndiye anayeujaribu kuliko wote.

Kwanza msomaji na aione nchi yenyewe. Flagstaff imekaa futi 7,000 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za juu kavu ambazo Wamarekani huzihesabu kuwa jangwa la juu. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliukuta mji na wakazi 76,831. Kaskazini yake husimama mlima wa volkano iliyozimika, San Francisco Peaks, ambao kilele chake kirefu, Humphreys Peak, hufikia futi 12,633, nacho ni kikubwa kupita vyote vya Arizona. Zamani mlima huo ulikuwa mrefu zaidi. Ubavu wake mmoja uliporomoka, ukaacha bakuli kubwa lililofunguka upande wa kaskazini mashariki. Na mtu aliyeuona mlima Meru kutoka mashariki atafahamu mara moja umbo ninalolisema. Mji umezungukwa na misonobari aina ya ponderosa, msitu mkubwa unaonukia utomvu jua likipanda. Lakini mtu akishuka kwa saa moja kuelekea mashariki, misonobari hupungua ikawa mireteni mifupi, mireteni ikawa vichaka, na vichaka vikawa udongo mtupu wenye rangi nyekundu, kijivu na zambarau. Mwaka 1889 mtaalamu wa wanyama, C. Hart Merriam, alikaa huko miezi michache akapima jambo hilo. Alionyesha kwamba anayeshuka kutoka kilele cha mlima mpaka chini ya bonde kuu la Grand Canyon hupita, katika maili chache, tabaka za mimea ambazo angezikuta kama angesafiri kutoka kaskazini ya Kanada mpaka Mexico. Kwa mwenye kusafiri kwa miguu, nchi hiyo ni kitabu kilichofunuliwa kurasa zote pamoja.

Kitabu hicho kina upungufu mmoja, nao ni maji. Hakuna mto wa kutumainiwa. Theluji ya mlima huyeyuka, huzama katika mawe ya volkano, na kidogo tu hutokea tena katika chemchemi. Kila jambo nitakalolieleza baadaye lina shina lake hapa.

Yapata mwaka 1085 ardhi ilipasuka kaskazini mashariki ya mahali ulipo mji sasa, ikamwaga moto na majivu. Kilima kilichozaliwa siku hizo huitwa Sunset Crater, kwa ajili ya wekundu ulio ukingoni mwake kama wa jua linapotua. Wakulima waliokaa karibu walikimbia. Lakini vizazi vichache baadaye, jirani na majivu yale, watu walijenga nyumba ya mawe yenye vyumba karibu mia moja, Wupatki, na wengine walijenga vyumba ndani ya majabali ya Walnut Canyon, mashariki kidogo ya mji, juu ya kijito kilichokuwa kikipita bondeni. Wasomi wa mambo ya kale waliwaita watu hao Sinagua, kutokana na maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya "bila maji". Ni jina la kupewa na wageni. Wahopi, ambao vijiji vyao viko maili nyingi kaskazini mashariki, hawakubali kwamba watu wale walitoweka. Husema kwamba ni mababu zao, na kwamba walihama kama ilivyowapasa kuhama. Kufika katikati ya karne ya kumi na tatu vyumba vile vilikuwa vimekwisha kuachwa.

Namna tulivyoijua miaka hiyo ni hadithi inayostahili kusimama kidogo. Mwaka 1894 tajiri mmoja wa Boston, Percival Lowell, alimtuma kijana mtaalamu wa nyota, A. E. Douglass, atafute katika Arizona mahali penye hewa safi pa kujenga nyumba ya kutazamia sayari ya Mirihi. Flagstaff ikachaguliwa. Lowell aliamini kwamba mistari aliyoiona juu ya Mirihi ilikuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili, waliokuwa wakivuta maji kutoka ncha za sayari yao iliyokuwa ikikauka. Douglass alianza kutia shaka, na mwaka 1901 akafukuzwa kazi. Hakuondoka upesi, alipata uhakimu mdogo mjini ili apate kula, akageuza macho yake kutoka mbinguni akayaelekeza kwenye magogo. Alifikiri kwamba ikiwa msonobari hukuza pete moja kila mwaka, pana katika mwaka wa mvua na nyembamba katika mwaka wa ukame, basi pete zingekuwa daftari la hali ya hewa. Kiwanda cha mbao cha mji kilimpa visiki na magogo ya kutosha. Kutoka kwa miti iliyo hai alirudi nyuma mpaka boriti za vijiji vya kale, na mwaka 1929 gogo moja lililoungua, lililopatikana Show Low na kupewa alama HH-39, liliunga pengo lililokuwa limebaki kati ya daftari mbili. Toka siku ile boriti ya Wupatki iliweza kusema mwaka ilipokatwa. Wapasuaji mbao, walioufyeka msitu bila kufikiri jambo hili hata mara moja, waliwekea historia akiba katika taka zao.

Mapadre wa Kifransisko waliokaa kijijini Oraibi kwa Wahopi katika karne ya kumi na saba ndio walioupa mlima jina la mtakatifu wao. Ulikuwa na majina tayari. Wahopi huuita Nuva'tukya'ovi, na katika jina hilo mna neno la theluji. Wanavajo huuita Dook'o'oosłííd, nao kwao ni mlima wa magharibi katika milima minne inayozunguka nchi yao. Kwa Wahopi, Katsina, yaani roho zinazoleta mvua, hukaa mlimani sehemu ya mwaka, hushuka vijijini wakati wa baridi, na hurudi baada ya sherehe za Julai. Wawingu mweupe juu ya kilele, ambao mgeni huupiga picha, wao huuona kuwa dalili ya kazi inayofanywa. Makabila kumi na matatu huuheshimu mlima huo kuwa mahali patakatifu. Wengine hupanda kuchuma dawa. Waganga wa Kinavajo huchukua udongo wake katika mafurushi yao ya ibada.

Mwaka 1857 alipita hapo Edward Beale, aliyetumwa na serikali ya Marekani kupima barabara ya magari ya kukokotwa hata mto Colorado. Nitamtaja kwa ajili ya wanyama wake. Serikali ilikuwa imenunua ngamia katika nchi za Mediterania, ikawavusha bahari, na Beale alichukua ishirini na watano kati yao kuwajaribu katika nchi kavu. Walikuja na wachungaji wao, na mmojawapo aliitwa Haji Ali. Wamarekani hawakuweza kulitamka jina hilo, wakalifanya "Hi Jolly". Ngamia walibeba mizigo mizito, wakanywa kidogo, wakala miiba ambayo nyumbu waliikataa. Beale aliwasifu sana. Walakini wachunga nyumbu waliwachukia, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja, na mradi ukafa. Haji Ali alikaa katika nchi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1902, akazikwa Quartzsite, magharibi ya Arizona, na juu ya kaburi lake imejengwa piramidi ndogo yenye sanamu ya ngamia. Kwa sisi tuliozoea neno haji mbele ya jina la mzee wa mtaa, kaburi hilo lililo kati ya miiba na mchanga wa Amerika hutia fikira.

Reli ilifika mwaka 1882, na mwaka huo huo Edward Ayer alisimamisha kiwanda cha kupasulia mbao, kazi yake kubwa ikiwa kukata mataruma ya njia hiyo hiyo. Hapo mji ukapata uhai. Nyumba zake za mbao ziliungua mara kwa mara, maana maji ya kuzima moto hayakuwapo, hata wakuu wa mji wakaamuru majengo ya katikati yawe ya matofali na mawe. Ndiyo maana mgeni wa leo huona mitaa ya mawe mekundu akadhani ni anasa.

Kwa reli walikuja pia watalii wa kwanza. Walikwenda Walnut Canyon kwa matembezi ya siku ya mapumziko, wakarudi na vyungu, viatu vya nyuzi, hata mifupa, na wakabomoa kuta walipotafuta zaidi. Vyumba vilivyostahimili miaka mia saba ya upepo havikustahimili miaka thelathini ya wageni. Mwaka 1915 serikali ilipaweka mahali hapo chini ya ulinzi. Ulinzi ulikuja wakati vitu vingi vya kulindwa vilikuwa vimekwisha kuwa mapambo ya sebule za watu. Kadhalika kile kijito: mabwawa yaliyojengwa juu yake, la kwanza kwa ajili ya kiwanda cha mbao mwanzoni mwa karne ya ishirini na la pili kwa ajili ya mji mwaka 1941, yamezuia maji yake, na mgeni anayesimama leo mbele ya vyumba hivyo husikia ukimya mahali palipokuwa na sauti.

Kwa miaka michache Flagstaff ilikuwa lango la Grand Canyon. Gari la farasi lilisafiri maili sabini hivi, kutwa nzima, abiria wakitikiswa na kujaa vumbi. Mwaka 1901 reli ilifika ukingoni mwa bonde kutoka Williams, mji jirani, na biashara ile ikafa papo hapo. Barabara maarufu nambari 66, iliyopewa nambari hiyo mwaka 1926, ilirudisha wapita njia kwa magari ya petroli.

Wakati huo nyumba ya Lowell ilikuwa imekwisha kuzaa matunda ambayo mwenyewe hakuyatazamia. Mtaalamu wake, V. M. Slipher, alipima mwendo wa mawingu ya nyota yaliyo mbali, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa misingi ya elimu kwamba ulimwengu unatanuka. Tarehe 18 Februari, 1930, kijana wa shamba, Clyde Tombaugh, aliiona Pluto katika picha alizolinganisha kwa macho yake. Lowell alikosea juu ya Mirihi. Hata hivyo ni ajabu kwamba mtu huyo alitunga habari za ulimwengu unaokufa kwa kiu huku amekaa katika mji wenye kiu. Mji wenyewe ulijifunza kulitunza giza: mwaka 1958 ulipiga marufuku taa kubwa za matangazo zinazomulika angani, na mwaka 2001 ukawa wa kwanza duniani kutambuliwa kuwa mji wa anga la giza. Hapa napenda kuusifu bila kusita. Ni mara chache watu kukubali kupunguza mwanga wao ili wageni na wenyeji wapate kuona kitu kisichouzwa.

Mlima haukupata bahati ya nyota. Mwaka 1938 kulifunguliwa ubavuni mwake mahali pa kuteleza juu ya theluji, Snowbowl. Mwanzoni pakawa pa wenyeji wachache. Mwaka 1979 idara ya misitu ilikubali papanuliwe. Wahopi na Wanavajo walikwenda mahakamani, na mwaka 1983 walishindwa. Upande wa mashariki wa mlima huo huo kulikuwa na machimbo ya mawe mepesi yenye vitundu, na kazi ya mawe hayo, msomaji atastaajabu, ilikuwa kufulia suruali za jinzi mpaka zichakae kabla ya kuuzwa. Machimbo hayo yalifungwa mwaka 2000 baada ya malalamiko marefu, na wenyewe wakalipwa dola milioni moja.

Kesi kubwa ilikuja baadaye. Theluji ya Arizona haina ahadi: katika msimu wa 2001 hadi 2002 watu waliweza kuteleza siku nne tu. Wenye mahali hapo wakaomba kutengeneza theluji kwa mashine, na kwa kuwa mlima hauna maji ya kutosha, wakakubaliana na mji wauziwe maji taka yaliyosafishwa, hata galoni milioni moja na nusu kwa siku katika miezi ya baridi. Makabila yalipinga. Walisema kwamba maji hayo yametoka katika hospitali na katika nyumba za kuoshea maiti. Yakinyunyizwa juu ya mlima, dawa zake, udongo wake na sala zinazosaliwa hapo vitatiwa najisi. Mtu aliyelelewa katika adabu ya tohara ya maji hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Maji yanaweza kuwa safi kwa kipimo cha mpima maji yakawa bado hayafai kwa ibada. Wanazuoni wetu wameandika milango mizima juu ya tofauti hiyo.

Mwaka 2007 mahakimu watatu wa Mahakama ya Rufaa waliyakubalia makabila. Mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo, ikikaa kwa wingi, iliitengua hukumu kwa mahakimu wanane dhidi ya watatu. Wengi walisema kwamba imani ya walalamikaji ni ya kweli, lakini hakuna mmea utakaoangamizwa, hakuna mtu atakayezuiwa kupanda kusali. Kitakachoumizwa ni hisia za kidini tu, na sheria ya mwaka 1993 ya kulinda ibada haikuweka kinga juu ya hisia. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuisikiliza rufani. Mwezi wa Desemba 2012 mashine zilianza kazi.

Watetezi wa hukumu hiyo wana hoja nisiyoweza kuidharau: mlima ni ardhi ya umma, na kama kila ardhi ya umma ingetawaliwa na imani ya kundi moja, serikali isingeweza kutenda jambo. Tena eneo lenyewe ni kama sehemu moja tu katika mia ya mlima. Walakini naona mahakimu walipima kwa mizani isiyo ya kitu kile. Kumwambia mwenye kusali kwamba hajadhuriwa kwa kuwa mlango haukufungwa, ni kudhani kwamba ibada ni safari ya miguu. Na anayeteleza juu ya theluji ile aghalabu hajui lolote katika haya. Amelipa tiketi, amekuja na watoto wake, anafurahi. Si mtu mbaya. Historia ya Flagstaff imejaa watu wasio wabaya.

Wapo pia wageni waliochukua hewa tu. Wakimbiaji wa mbio ndefu kutoka pande nyingi huja kufanya mazoezi katika kimo hicho, kama wengine waendavyo Iten, ambako ni juu zaidi kidogo. Lopez Lomong, aliyezaliwa katika nchi iliyo sasa Sudan Kusini na kukaa miaka kumi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, alikimbia kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Northern Arizona, na mwaka 2008 aliibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya Beijing.

Anayepanda Humphreys Peak hupewa maonyo: aanze alfajiri, maana Julai na Agosti radi hupiga kilele mchana, achukue maji yake mwenyewe, na juu ya mpaka wa miti asiiache njia, kwa ajili ya ua moja la manjano, *Packera franciscana*, lisiloota popote duniani ila juu ya mlima huo. Maonyo hayo hufuatwa na wengi. Mwezi wa Juni 2010 mtu aliuacha moto wa kambi bila kuuzima. Ekari 15,000 za msitu ziliungua, na mvua za Julai zilipokuja juu ya mteremko usio na mti, mafuriko yakashuka katika nyumba za watu, yakachukua uhai wa msichana wa miaka kumi na miwili. Mwezi wa Juni 2022 moto mwingine ulizuka upande huo huo wa mlima, siku ambazo kuwasha moto kulikuwa kumekatazwa. Walinzi walimkuta karibu na hapo mtu aliyepiga kambi, naye akawaambia kwamba alikuwa amechoma karatasi zake za chooni na kuzifunika chini ya jiwe. Moto ule ulikula zaidi ya ekari 26,000. Ndani ya lile bakuli la mlima zimo chemchemi zinazoupa mji sehemu ya maji yake ya kunywa tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na mafuriko yaliyofuata yakaiharibu njia ya bomba linaloyaleta mjini.